Injini ya Boti ya Mama wa Kasense

Kwa niaba ya Dawati la Usahihi wa Taarifa za Wakopaji, nina heshima kuutangazia umma wa Ufipa, kuanzia Sumbawanga mjini hadi Namanyere na ufukweni kote, kwamba mwaka huu ofisi yetu haikufanya kosa hata moja. Siri ya mafanikio haya ni uongozi bora, yaani mimi, Valerian, Mkuu wa Dawati.

Sheria inampa mwananchi haki ya kupinga taarifa yenye makosa na kudai isahihishwe. Haki hiyo tunaiheshimu sana. Tumeiwekea benchi, nje, upande unaopigwa na upepo. Baridi yetu mnaijua. Wengi wakikaa pale kidogo hukumbuka kwamba taarifa zao zilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Ila mama mmoja wa Kasense alikuja na blanketi.

Anaitwa Adela Polikarp, analima mahindi na ulezi. Alikuwa amenyimwa mkopo wa mbolea, na mvua ziko mlangoni, kwa sababu taarifa yake ilisema alikopa injini ya boti kule Kirando, ziwani, na hajalipa.

"Mkubwa, mimi ziwa nimeliona kwenye kalenda tu," alisema.

"Fomu yetu haiulizi habari za ziwa, mama."

"Basi aliyekopa ni mwingine mwenye jina kama langu. Hata namba ya simu hapa si yangu."

"Mfumo haukosei."

"Nisipopata mbolea, watoto wangu watakula nini mwakani?"

Alisema hivyo bila kulia, jambo lililoniudhi, maana wanaolia huondoka mapema. Nikamweleza utaratibu: alete uthibitisho kwamba hana injini. Kesho yake akaleta picha ya uwani kwake. Kuku, jembe, kihenge. Niliichunguza kitaalamu.

"Picha hii inaonyesha mahali ambapo injini haipo," nikamwambia. "Haionyeshi ulikoificha."

Faida za mfumo huu mimi nazijua vizuri. Nina boti yangu Kirando, na injini yake niliikopa kwa jina la mke wangu, ambaye kwa bahati njema naye anaitwa Adela Polikarp. Sijalipa hata shilingi, na taarifa ya mke wangu ni safi kabisa. Hakuna anayetusumbua. Teknolojia ni kitu kizuri jamani.

Mama alirudi mara ya tatu, mpole kabisa.

"Mkubwa, nimenyoosha mikono. Niandikie tu kwamba taarifa ni sahihi, nikaendelee na mambo yangu."

Raha iliyoje mwananchi anapoelimika! Nikaandika kwamba injini hiyo, pamoja na namba yake, ni mali ya Adela Polikarp wa Kasense, wala si ya mtu mwingine yeyote. Nikagonga muhuri. Nikagonga na wa pili, kwa furaha tu.

Siku ya Ijumaa akanipigia Loth, mpwa wangu anayeendesha boti yangu.

"Shikamoo mjomba. Injini haipo."

"Imeibiwa?"

"Hapana. Kuna mama kaja na mtendaji wa kijiji na barua yako. Namba zikalingana. Kaiuza kwa wavuvi hapahapa mwaloni, kalipa deni lote, iliyobaki kasema ni ya mbolea."

"Na wewe ukamwachia, mjinga wewe?"

"Mjomba, sahihi yako! Mihuri miwili! Mtendaji kasema hajawahi kuona barua iliyokamilika namna ile."

Nilikata simu. Nikaamua kutumia haki yangu ya kupinga. Kwa kuwa Mkuu hawezi kujisikiliza mwenyewe, shauri langu lilipelekwa kwa msaidizi wangu, Silvana, ambaye alinitaka radhi na kunielekeza kwenye benchi. Nilipoitwa, nikamwekea mezani picha ya boti yangu, nyuma kutupu.

Akaigeuza huku na huku.

"Bosi, picha hii inaonyesha mahali ambapo injini haipo. Haionyeshi ulikoificha."

"Silvana, ile barua ina kosa!"

"Kosa?" Akanishangaa. "Na lile tangazo letu la kutokuwa na kosa hata moja, bosi, tutalificha wapi?"

Nikarudi kwenye benchi kutafakari hoja yake. Upepo ulikuwa mkali, nami sikuwa na blanketi.