Ukuta Wenye Ukungu

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Siku mbaya. Mke wangu amepiga simu kabla sijanywa chai. Anarudi Jumapili na mtoto! Nilifurahi mpaka nikasimama. Kisha yakaja masharti. Chumba kipakwe rangi. Ukungu wote ukutani uondoke. Kompyuta itoke, na kitanda cha mtoto kikae pale ilipo. Anasema mtoto anakohoa kidogo, hawezi kumlaza kwenye chumba kinachonuka kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Bila rangi atabaki kwa mama yake. Nikauliza mpaka lini. Akasema hajui, labda niuulize ukuta.

Ni mtoto wetu wa kwanza. Tangu walipotoka hospitali wako kwa mama mkwe, mke wangu apumzike. Nimempakata mara mbili tu. Si mbali, ni mwendo wa miguu. Bosi wangu wa duka la fotokopi amenipa hata likizo kwa ajili yake. Lakini nina kazi!

Niieleze hapa hiyo kazi, maana hakuna anayenisikiliza kwingine. Kuna mchezo wa kompyuta tuliocheza tukiwa shule, unaitwa Mfungwa wa Ngome. Mfungwa mwenyewe ni vijiboksi vichache vya kahawia, kuta ni kijivu tupu. Waliouunda walishafunga biashara zamani, tumebaki sisi mashabiki kuutunza. Mimi ninauvalisha sura mpya. Kuta zenye nyufa za kweli, majani makavu, mwanga wa dirishani. Nilihangaika sana kutafuta ukuta wa gereza, kumbe ninao chumbani mwangu! Ukungu una kijani, una weusi, pembeni una zambarau. Mtu hawezi kuchora kitu kama kile. Nitaupiga picha kipande kwa kipande, halafu ndipo upakwe rangi. Jumamosi mchezo unatimiza miaka thelathini, na siku hiyo lazima nitoe kazi yangu. Kabla ya Jicho la Tai.

Jicho la Tai ni adui yangu. Sijawahi kumwona, yuko kwenye jukwaa letu la mtandaoni, na yeye anauvalisha mchezo huohuo. Jana ameandika mbele ya watu kwamba kuta zangu ni laini kama keki. Keki! Sikulala vizuri.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Shemeji amefika asubuhi na ndoo ya rangi, brashi na ngazi. Ni kaka wa mke wangu, fundi rangi, mnene, mpole, hana makuu. Ametumwa na dada yake. Nikamwambia ukuta bado una unyevu, rangi haitashika, tusubiri ukauke. Nilijiandaa kubishana naye. Akaugusa ukuta kwa kidole kimoja, akasema kweli kabisa shemeji, umenena, akavua viatu na kujilaza kwenye kochi. Aliamka wakati wa chakula tu. Kala na cha kwangu.

Jua huufikia ukuta wangu alasiri, kwa muda mfupi, likipita juu ya tangi la maji la jirani. Hapo ndipo nyufa hutoa vivuli. Nikaweka kamera juu ya stuli, nikangoja. Jirani akaja kuanika mablanketi juu ya tangi! Nikatoka mbio kumwomba ayashushe. Akauliza kwa nini. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba nataka kuupiga picha ukungu wangu. Akawaita watoto wake ndani na kufunga mlango.

Picha: hakuna. Rangi: hakuna. Chakula: kimeliwa.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Mke wangu anataka picha ya chumba, aone rangi imefikia wapi. Roho juu! Nilizunguka meza mara kadhaa kama kuku. Shemeji akashauri tuseme simu imeharibika. Nikamuuliza, simu ninayoongea naye sasa hivi? Akasema hakulifikiria hilo.

Kisha nikapata akili. Mimi si ndiye ninayevifanya vitu vichakavu vionekane vipya? Nikakipiga picha chumba, nikakiingiza kwenye kompyuta. Nikafuta ukungu. Nikapaka rangi ya kijani kibichi kilichopauka, kwa sababu ile ya maziwa iliyomo ndooni inakifanya chumba kionekane kama ofisi ya kusubiria kuitwa. Nikaweka na mng'ao kidogo wa rangi mbichi. Kazi safi sana. Nikatuma.

Alilia kwa furaha. Akasema alikuwa ameanza kunikatia tamaa, nimsamehe. Nikamsikia akimwambia mtoto kwamba baba anakutengenezea chumba. Nilikaa kitandani nikajisikia mtu mbaya kuliko wote duniani. Nilitaka kumwambia ukweli palepale. Neno lilishafika mdomoni.

Halafu nikaona jua limefika ukutani, na mablanketi ya jirani hayapo. Nikakata simu nikakimbilia kamera. Picha tano nzuri!

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Mambo yananizidi. Mke wangu anataka sasa kuuona upande wa dirisha. Nikaweka pazia. Akauliza mbona haoni kitanda cha mtoto. Kitanda cha mtoto bado kimo ndani ya katoni yake, chini ya kitanda chetu. Nikachukua kingine mtandaoni, chenye miguu ya kuchongwa, nikakipachika pale ilipo kompyuta. Kuifuta kompyuta kwenye picha kuliniuma moyo, lakini nikajikaza. Akauliza miguu ya kuchongwa imetoka wapi. Nikajibu nimeichonga mwenyewe. Mimi, ambaye penseli tu inanishinda!

Mama mkwe akaichukua simu. Kwa mara ya kwanza tangu harusi ameniita mwanangu. Akasema siku zote alijua mimi ni mtu wa kuchelewa lakini wa kufika. Amewaonyesha majirani zake wote picha hizo. Ameipenda mno rangi ya kijani, na sebule yake anataka iwe hivyohivyo.

Hapo ndipo shemeji alipoamka. Akauliza kijani gani, mbona ndoo yake ni rangi ya maziwa? Nikamwonyesha kwenye kompyuta. Akaangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza kama haiwezekani tukaichapisha ile picha ikiwa kubwa na kuibandika ukutani. Nililifikiria jambo hilo kwa dhati kabisa. Bahati mbaya mashine ya dukani kwetu imeishiwa wino wa rangi.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Leo niliamua. Kwa kweli niliamua! Niliamka na nia safi ya kupaka rangi, ya maziwa au ya matope, mradi rangi. Nikamwamsha shemeji. Kumbe alishaamka, anafunga ngazi yake kwa kamba. Mama yake amemwita akapake sebule. Njiani atanunua rangi ya kuchanganya, ile ya maziwa iwe kijani. Nikamwomba aniachie hata kikombe kimoja. Akasema shemeji ni shemeji, lakini mama ni mama. Akaondoka na ndoo.

Kwa hiyo sina rangi, sina fundi, sina brashi. Nikasema basi angalau nisogeze kabati, nikwangue ukungu kwa kisu. Nikasogeza kabati. Nyuma yake kuna ukungu mwingine, mpana zaidi, umejikunja kama mawingu, sijapata kuuona maishani! Kisu kikanianguka. Nimeupiga picha mchana kutwa, mpaka macho yakatoa machozi.

Sasa nimekaa nimechoka na naogopa. Jumapili inakuja na sina la kusema. Nikifumba macho naona uso wa mke wangu mlangoni.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Nimetoa! Asubuhi Mfungwa wa Ngome wangu ameingia jukwaani. Sifa zikamiminika. Mmoja akaandika kwamba ukuta wa seli anausikia harufu. Nilibubujikwa na machozi. Nikasema, sasa acha Jumapili ije na lolote.

Kisha mtu akauliza ufunguo uko wapi.

Mchezo unaanza ndani ya seli. Mfungwa anaokota ufunguo sakafuni, anafungua mlango, anaingia ngomeni. Zamani ufunguo ulikuwa kijiboksi cha njano kwenye sakafu ya kijivu, hata mwenye usingizi aliuona. Mimi nimeitandazia sakafu nzima majani makavu. Niliyapiga picha kutoka kwenye ufagio wetu, jani kwa jani. Na ufunguo nikautengeneza wa kweli, mdogo, wenye kutu. Hakuna anayeuona! Nimejaribu mwenyewe. Mimi niliyeuweka! Nimeitambaa ile seli pembe hadi pembe, nikatoka mikono mitupu.

Jukwaa zima liko gerezani. Mmoja anasema mkewe amemletea chakula humohumo. Wengine wameanza kunitukana, na matusi yenyewe yana ubunifu.

Alasiri Jicho la Tai akatoa wa kwake. Kuta kama katoni, sakafu kama saruji ya jana, na ufunguo wa njano unang'aa kama jino la dhahabu. Watu wote wakatoka selini kwangu wakahamia kwake. Halafu akaniandikia faraghani, kwa upole, akiomba ruhusa ya kuutumia ukuta wangu wenye ukungu. Nikamkatalia kabisa. Kisha nikamuuliza kama kweli ameupenda. Akasema ndio ukuta mzuri kuliko wote aliopata kuuona. Nikalia tena, na sijui nilikuwa nalilia nini.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Wamekuja.

Mpango wangu ulikuwa giza. Nilichomoa taa, nikaziba dirisha kwa blanketi, nikakusudia kusema umeme umekatika. Gizani ukuta ni ukuta. Teksi ikasimama nje, mke wangu akashuka na mtoto kifuani, mama mkwe nyuma na mabegi. Nikasema karibuni, ila umeme hakuna. Redio ya jirani ilikuwa inaimba kwa sauti kubwa. Mke wangu akawasha tochi ya simu.

Aliuona ukungu wote, maana kabati sikulirudisha. Aliiona kompyuta. Aliiona katoni. Nilitaka apige kelele, nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakupiga. Akaitazama picha kwenye simu, akautazama ukuta, akaitazama tena picha. Akauliza kile kitanda cha miguu ya kuchongwa kiko wapi. Nikasema bado. Akauliza bado nini.

Mtoto akakohoa. Kikohozi kidogo tu, kama cha paka. Mke wangu akamfunika uso kwa kanga. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba kile chumba cha kwenye picha amekipenda kwelikweli, usiku alikuwa akilala anakifikiria. Basi mimi nihamie huko. Yeye na mwanawe watakaa na watu.

Nikanyoosha mikono angalau nimpakate mtoto. Walishafika mlangoni. Teksi ilikuwa palepale, injini haijazimwa. Kumbe alimwambia dereva asubiri. Alijua! Au alihisi. Hilo ndilo linaloniuma kupita yote.

Mama mkwe alibaki nyuma kidogo kuchukua mabegi. Aliniambia sebule yake imetoka vizuri. Hakuniita mwanangu.

Alhamisi, tarehe 16 Mei

Siku kadhaa sikuandika. Sikufungua hata jukwaa. Nimerudi dukani, nafotokopi vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu. Nyumba iko kimya. Shati la mke wangu liko nyuma ya mlango, nikipita najifanya sijaliona. Nimeumia, na niseme ukweli, nimejitakia.

Leo mchana simu ikalia. Ujumbe wa mke wangu, wa kwanza tangu siku ile. Picha ya mtoto. Chini yake ameandika kwamba ameanza kucheka leo asubuhi, kila akisemeshwa anacheka, na kama nataka nije nimwone, wapo kwa mama yake.

Moyo ulinilipuka! Nikaomba ruhusa kwa bosi. Nikapita nyumbani kubadili shati. Nikavaa na viatu vya harusi. Nikaitazama tena picha kabla sijatoka.

Imepigwa kwa simu ya mama mkwe. Imetikisika. Mwanga unatoka nyuma. Pua imepotelea kivulini, mdomo umevurugika, kope hazihesabiki. Huyu ni mwanangu! Kicheko chake cha kwanza! Kitabaki vile milele? Nikasema niiguse kidogo tu, niende nayo kama zawadi. Nikavua kiatu kimoja.

Nikaanza na mwanga. Nikaondoa kivuli. Kope nikazinoa moja moja. Kicheko hakikuwa kinasomeka, nikakichora upya, kipana zaidi, chenye vishimo mashavuni. Pua nikaitengeneza kwa kuangalia ya kwangu. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilipoinua kichwa jua lilishazama na si saa ya kwenda kwa wakwe tena. Nikaituma.

Amejibu papo hapo. Anauliza huyu ni mtoto wa nani.

Ni ile pua. Nilijua nimeizidisha. Kesho narudi mapema kutoka kazini, naianza upya.