Kilima cha Babu Wathome

Jumatatu, Agosti 4

Wakwe wanakuja Jumamosi! Binti yangu Nzilani amepata mchumba Mmaasai kutoka Kajiado, anaitwa Lemayian. Kijana mzuri. Anakula anachopewa na anasikiliza mkubwa akiongea. Tatizo si yeye. Tatizo ni binamu yangu Erastus.

Ukoo lazima uchague msemaji wa siku ya posa. Erastus alifundisha historia miaka thelathini, basi kila mtu anadhani mdomo wa ukoo ni wake. Na mimi, baba mzazi wa msichana, nikae kando nikiitikia "ndiyo, ndiyo" kama kwaya? Asi! Eti kwa sababu nauza turubai kwa madereva wa malori hapa Mlolongo, sina maneno. Nimewahi kumuuzia turubai dereva aliyekuwa na turubai mbili tayari. Hayo si maneno?

Wazo lilinijia nikinyoa ndevu. Nitawatembeza wakwe mpakani! Ule mpaka wa zamani kule Konza, ambako Wakamba na Wamaasai walinyang'anyana ng'ombe mpaka wazungu wakaja kuchora mistari yao. Nitawaonyesha kilima ambapo babu yetu Wathome alisimama peke yake na mishale mitatu, akarudisha nyuma kikosi kizima. Jioni watasema wenyewe: huyu Maundu ndiye wa kuongea naye.

Mke wangu Syombua ameuliza ni kilima gani hicho. Nimemwambia bado sijakichagua.

Jumatano, Agosti 6

Kilima nimepata. Si kirefu. Kwa kweli ukikipanda haraka unaweza kukosa kujua umekipanda. Lakini kiko karibu na barabara, na ukiwa juu unaona nyanda zote hadi Kajiado.

Bango nalo nimepata, na limenitia uchungu. Nilimpa kazi fundi anayeandika misemo nyuma ya malori. Nilimwambia aandike: HAPA WATHOME ALISIMAMA PEKE YAKE. Ameandika: HAPA WATHOME ALISIMAMA PEKUPEKU. Nilipolalamika akasema nilimpigia simu trela ikipita, na kwamba pekupeku pia ni ushujaa, kwa sababu kule kuna miiba.

Sikuwa na muda wa lingine. Nimelichomeka ardhini na kurudi nyumbani na malengelenge mawili mkononi.

Alhamisi, Agosti 7

Erastus amejua! Syombua ndiye aliyemwambia. Anasema hakujua ni siri. Mke wa miaka ishirini na minane, hajui siri yangu ni ipi!

Erastus alinipigia akauliza, kwa ile sauti yake ya kusahihisha mitihani, habari za mishale mitatu nimezitoa wapi. Nikasema kwa wazee. Akauliza wazee gani. Nikasema mtandao unakatika.

Anataka kuja. Sikuweza kumkataza. Nimemwambia gari litaondoka saa nne. Litaondoka saa mbili.

Jumamosi, Agosti 9

Naandika kwa hasira, kalamu inatoboa karatasi.

Erastus alifika saa moja na nusu, na kofia na daftari. Alisema akipewa saa na mimi, yeye huiondolea mbili na kidogo ya ziada.

Wakwe nao walikuja na mtu ambaye hakuna aliyenitajia. Mzee Koikai, baba yake Lemayian, ni mtu mpole wa maneno machache. Yeye nilimtarajia. Lakini alikuja na mama yake! Wote wanamwita Koko, yaani nyanya. Amepita miaka tisini, shanga hadi kiwiko, macho kama ya mwewe. Wakampa kiti cha mbele kando ya Muli dereva. Kiti changu! Nilikuwa nimepanga kuhutubia kutoka hapo. Nikahutubia kutoka nyuma, kati ya ndoo ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe, na kreti ya soda.

Hotuba ilianza vizuri hadi stesheni ya Konza. Hapo nikasema stesheni hii ilijengwa kabla ya reli. Erastus akauliza, kwa upole sana, abiria walikuwa wakingoja nini. Gari zima likacheka. Nzilani pia.

Tukafika kilimani. Bango halipo! Nilizunguka kile kilima mara mbili, jambo lisilochukua muda. Halafu nikaliona kwenye boma lililo chini. Mama mmoja, Wanza, alikuwa amelifanya mlango wa zizi la mbuzi. Amelipachika juu chini. Alisema alidhani ni tangazo la mkutano wa injili uliokwisha. Erastus akainamisha kichwa hadi karibu na magoti akasoma kwa sauti. Akaniuliza, pekupeku? Nikasema zamani zile viatu vilikuwa adimu.

Wanza akataka kutuonyesha jinsi mlango unavyofunga vizuri. Akaufungua kwanza. Beberu akatoka. Beberu mkubwa, mwenye ndevu, mwenye nia mbaya. Sijui nilipitia wapi, lakini nilijikuta nimesimama juu ya boneti ya gari, kiatu kimoja kiko chini na kimoja mkononi.

Ikabidi nisimulie kutoka pale pale. Sikukata tamaa! Nikasema hapa Wathome alikabili vijana sitini. Nilikuwa nimepanga arobaini, lakini hali ilihitaji nyongeza. Koko alikuwa ameketi kwenye jiwe, ananitazama bila kupepesa. Akanyoosha fimbo.

"Wathome yupi?"

Nikasema babu yangu mzazi, Wathome wa milima ya Mua.

"Yule wa asali?"

Sikuelewa. Koko akamgeukia mwanawe akasema maneno ya Kimaasai, huku akininyooshea fimbo pale juu. Kisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha polepole:

"Huyo namjua. Nilikuwa msichana mdogo, yeye tayari ana mvi. Kila mwaka alikuja na kibuyu cha asali kumsalimia babu yangu. Mishale? Hakuwa na hata kisu. Mwaka wa njaa kubwa alikuja kwetu na mifupa yake tu. Babu akampa maziwa, akamweka kuchunga ndama misimu miwili. Ndama tu! Ng'ombe mkubwa akikohoa, yeye yuko juu ya mti."

Akacheka hadi akashika ubavu. "Nimekuona ukikimbia nikajua. Ni yeye kabisa."

Nilitaka kupinga. Nilifungua mdomo. Lakini Koko alianza kuimba, taratibu, kwa Kikamba. Mmaasai wa miaka tisini, kwa Kikamba! Wimbo wa kumtuliza ndama, ambao baba alitubembelezea sisi sote. Sijausikia tangu tumzike. Koko alisema Wathome aliwaimbia ndama hivyo kila jioni, na watoto wa boma wakaushika.

Mzee Koikai akaja, akanipa mkono kunisaidia kushuka, na hakuuachilia. Alisema, "Basi hatuanzi undugu leo, mzee. Tunauendeleza." Nzilani akalia. Syombua, ambaye halii hata mazishini, akalia. Mimi macho yaliwasha. Konza ina vumbi sana mwezi huu.

Na hapo, hapo hasa, ndipo Erastus akavua kofia. Akasema yeye alisikia habari hii kwa mama yake zamani, akanyamaza asiwaaibishe watu, lakini haoni aibu yoyote kwa mtu kulishwa akiwa na njaa. Akamshukuru Koko kwa niaba ya ukoo wa Wathome. Akamalizia: "Ashe oleng." Kimaasai! Amekitoa wapi? Ni maneno mawili tu, asante sana, na Koko akamshika mashavu kama mjukuu.

Tukala muthokoi. Kisha Erastus akapendekeza tupitie Kyamwilu, pale barabarani ambapo maji hupanda mlima. Hilo halikuwa kwenye mpango wangu! Koko akamwaga chupa nzima ya maji na kuyaona yakipanda, akacheka, akaomba chupa nyingine. Siku nzima nimeipanga mimi, na kilichopendwa zaidi ni maji.

Jumapili, Agosti 10

Ukoo ulikutana baada ya misa. Msemaji ni Erastus. Hakuna aliyepinga. Niliangalia mikono iliyoinuliwa, nikaona na wa Syombua.

Nilipomuuliza nyumbani, alisema mkono wake uliinuka kwa sababu anataka binti yake aolewe mwaka huu.

Lemayian amepiga simu. Koko anaomba siku ya posa mimi niketi kando yake, si kwa wanaume. Anataka kunieleza mengine kuhusu babu. Anasema nimefanana naye hata masikio. Nilisema nitafikiria. Nimeshakubali moyoni, lakini Erastus asijue.

Jumanne, Agosti 12

Nimelala nikatafakari kosa langu liko wapi. Nimeliona! Historia haikuwa na kosa. Kosa ni kumwacha shahidi apande gari.

Habari njema: leo Winfred, binti yangu wa pili, amekiri kwamba naye ana rafiki. Kijana wa Mbeere, ng'ambo ya mto Tana, ukivuka tu kutoka Ekalakala. Mpaka mwingine! Mto mzima! Na mama yangu alitoka Ekalakala. Babu wa upande huo, Kasyoka, lazima aliwahi kumzuia mtu pale mtoni. Watu sabini. Themanini, maji yakiwa yamefurika.

Erastus hana lolote la kusema. Si babu yake.

Nimemuuliza Winfred, kama mzazi tu anayejali, kama nyanya za huyo kijana wangali hai. Amesema wote wawili walifariki, wa mwisho mwaka jana. Nimempa pole kwa sauti ya huzuni, nikatoka nje haraka kabla hajaniona ninavyotabasamu.