Baraza la Mikono ya Twiga

Jumatatu, 3 Juni
Mvua! Uani tope mpaka vifundoni. Mdogo wangu hajaja hapa tangu ateleze, na miguu yake ile ya kubembelezwa. Mumewe, shemeji yangu, kasema hamleti tena mpaka pawe na pakavu pa kukanyaga. Haya. Nitajenga baraza la mbao, toka mlango wa jiko mpaka karibu na uzio. Jumapili mdogo wangu atalikalia, miguu kainyoosha, na shemeji atameza maneno yake bila maji.

Jumanne, 4 Juni
Shemeji kaja na tepu, anaivuta kama utumbo wa mbuzi. Kapima, kakuna kidevu, kasema ninunue mbao za kutosha na kidogo za kuharibika. Za kuharibika! Ninunue uharibifu? Mbona kuharibu nafanya bure siku zote! Nikamwambia tepu akapimie tumbo lake. Nimepima mwenyewe, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mikono ishirini. Shule sikukanyaga, lakini mkono ninao, tena miwili.

Jumatano, 5 Juni
Ujanja wangu unanitisha. Muuza mbao wanamwita Twiga. Mikono yake hufika mahali kabla yake mwenyewe. Nikamwambia nanunua kwa mkono, na mkono uwe wako, mwanangu, wangu unauma. Kacheka, kataja bei ya mkono mmoja, tukakubaliana. Kila mkono wangu umezaa mmoja na nusu! Nimerudi naimba.

Ijumaa, 7 Juni
Mbao zimefika. Ndefu mpaka punda wa mkokoteni kageuka kutazama. Shemeji kapiga hesabu, kasema Twiga si mjinga, bei nayo kaipima kwa mkono wake. Kwa tepu ningelipa pungufu. Wivu tu.
Kisha fundi seremala kauliza, bibi, za juu nimeziona, za chini ziko wapi? Za chini za nini? Kasema mbao hazielei hewani, zinalalia mihimili. Akataka kukata kile kipande kilichozidi, kiwe mihimili. Nikaushika msumeno kwa mikono yote miwili. Faida haikatwi! Nikamwambia avunje kitanda changu. Mbao zake nene, kama mapaja ya fahali. Kimehimili uzazi wa watoto sita, kitashindwa na mdogo wangu?
Fundi kanung'unika kwamba baraza litapanda juu mno. Nikamwambia likipanda tutaona mbali.

Jumapili, 9 Juni
Limekwisha! Uzio tumeutoboa, baraza likapita, likatokeza mpaka ukingo wa barabara. Zuri!
Asubuhi mlango wa jiko haukufunguka. Unafungukia nje, na baraza limepanda juu ya kizingiti, limeuziba. Fundi kasema alinionya. Sikumbuki. Chakula kikapitia dirishani, nami nikafuata sufuria. Hapo ndipo nilipokwama, nusu jikoni, nusu barazani, na gari la shemeji hilo linasimama.
Alianza kucheka kabla hajazima injini. Kacheka mpaka kashika usukani. Mara kageuka kutazama upande wa mkewe.
Mdogo wangu kafungua mlango wa gari, kashusha mguu. Mbao! Kashusha wa pili. Mbao! Toka garini mpaka katikati ya baraza, tope halikumgusa hata ukucha. Kakaa, kanyoosha miguu, kaanza kulia. Kasema, dada, hukunijengea baraza, umenijengea njia. Nikamwambia kule dirishani nyamaza, unanilowesha mbao zangu. Na mimi nalia, lakini mimi nilikuwa nimebanwa.
Shemeji kanivuta. Nimeyaona maneno yake yakishuka kooni, makavu kabisa.
Usiku nimelala barazani. Kitanda ni kilekile, kimeongezeka upana tu.

Jumatatu, 10 Juni
Mdogo wangu kasema Jumapili zote sasa ni zake. Nimeshinda!
Shemeji kaja na tepu tena. Safari hii kwa upole, shikamoo mbili mfululizo. Anasema mlango wa jiko ukatwe kidogo chini, apime yeye. Kukata tena! Mtu huyu hajifunzi.
Nanunua mlango mpya, wa kufungukia ndani. Nimeshapatana na Twiga: bei ni ya kimo cha mtu mmoja, na mtu ni yeye. Nimemwambia asimame wima, tena avae viatu.
Ukuta ukipungua, ukuta utajijua.