Upepo wa Mofu Uko Upande Wangu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimejiandikisha. Kamati ya michezo ya mji wetu inatafuta mtu mmoja wa kutuwakilisha huko Singida kwenye mashindano ya michezo mitatu: unaogelea, unaendesha baiskeli, unamalizia kwa mbio. Kutwa nzima, juani na kwenye upepo. Mchujo ni Jumamosi ya wiki ijayo. Tumejitokeza wawili tu, mimi na Balbina, mdogo wa mke wangu, fundi cherehani wa mtaa wa Viwanja Sitini. Namwonea huruma. Mke wangu Serafina aliuliza tangu lini najua kuogelea. Swali la mtu asiye na maono.

Jumatano, 10 Septemba

Mtoni kuna mamba, na mamba hajali kwamba mtu yuko mazoezini. Nikapanda pikapu ya Nazari, anayefuata mpunga kijijini Mofu, nikampa shikamoo mzee Amedeus mwenye bwawa la samaki. Akaniruhusu, mradi nisisumbue perege wake. Maji yananifika kifuani. Nilitembea chini huku nikipiga mikono juu. Ukiwa ukingoni unaona mtu anaogelea. Mzee alisema yeye anaona mtu anatembea. Macho yake yameanza kuchoka.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimegundua siri ya baiskeli. Mchana upepo unavuma kutoka Mofu kuja mjini. Basi nikapakia baiskeli kwenye pikapu ya Nazari, nikashukia Mofu, nikarudi upepo ukinisukuma mgongoni. Nimepaa! Njiani nikapishana na Balbina anaukabili upepo huohuo, vumbi hadi kwenye kope. Mtu anajitesa bure.

Jumanne, 16 Septemba

Nimemshauri mwalimu Viktor, mwenyekiti wa kamati, kwamba tuogelee bwawani Mofu, baiskeli zije mjini, watu wapate kushangilia. Amekubali yote. Kwa furaha nikasahau kuuliza saa. Mbio sijafanyia mazoezi. Kukimbia nani hajui?

Jumamosi, 20 Septemba

Wameanza alfajiri, eti kukwepa jua. Balbina aliogelea kweli, akatoka bwawani zamani. Nikapanda baiskeli kuusubiri upepo wangu. Kumbe asubuhi unatoka mjini! Mimi sijawahi kufika Mofu asubuhi. Ukanisukuma kifuani kama mtu anayenifukuza kwake. Jua likapanda. Nikashuka, nikakokota baiskeli. Ng'ombe wa mfugaji mmoja, Masalu, wakanipita, wala hawana haraka. Mwisho miguu ikagoma, nikakaa barabarani, macho yanaona giza. Niliogopa.

Balbina, aliyekuwa mbele kabisa, akageuza. Akaninywesha maji yake mwenyewe.

"Shemeji, kaa nyuma yangu nikukingie upepo," alisema. "Dada anakusubiri nyumbani."

Nikakaa nyuma yake hadi mabati ya mji yakaonekana. Hapo nikaona nafasi. Nikachomoka nimpite. Nikaingia kwenye mfereji, mimi na baiskeli. Mbio alikimbia peke yake.

Jumapili, 21 Septemba

Baada ya misa Balbina alileta dawa ya kuchua goti langu. Akaniomba twende wote Singida, nimshikie maji na taulo. Nimekubali kuwa kocha wake. Fulana nimeshaagiza, mgongoni iandikwe KOCHA MKUU.

Serafina aliuliza nitamfundisha nini mdogo wake. Nikamwambia udhaifu wake nimeuona kwa macho yangu mwenyewe: anasimama njiani kusaidia watu. Hilo tutalirekebisha kabla ya Singida.