Ufunguo wa Chumba cha Jamara

Jumapili, 15 Oktoba

Dashain, sikukuu yetu kubwa, imeanza, na mwaka huu mpanzi ni mimi! Mama amenikabidhi jamara, ile miche ya shayiri ya baraka. Tangu Baba afariki kazi hii ilikuwa ya kaka yangu mkubwa, Khimananda, lakini safari hii yuko bize Butwal na atakuja huku Tansen siku ya tika yenyewe, siku ya kubarikiwa. Basi nimeoga maji ya baridi alfajiri. Nimeingia chumba cha ibada pekupeku. Nimetandaza mchanga kwenye trei, nimemwaga shayiri, nimefukia, nimenyunyizia maji. Mama alisimama mlangoni muda wote, kama fundi asiyemwamini kibarua wake.

Masharti nayajua tangu utotoni, ila ameyarudia. Dirisha lifungwe. Jua lisiingie hata chembe. Shayiri ikiota gizani inakuwa njano, laini, na hiyo ndiyo ya kumchomekea mtu sikioni anapobarikiwa. Jamara ya kijani ni aibu ya ukoo. Hiyo ni chakula cha mbuzi.

Kisha akatoa kubwa. Amechoka, ngazi zinamshinda, na Dashain hii ikiisha ufunguo wa chumba hiki, ule anaoufunga kiunoni, atamkabidhi mtu. Nani? Hakusema. Lakini Kaka ana mpango wake, naujua. Anataka Mama na miungu yetu wahamie kwenye fleti yake Butwal, na Dashain iwe huko kila mwaka, kwenye joto, mbele ya televisheni. Nyumba hii aliyoijenga Baba itiwe kufuli. Roho inaniuma nikifikiria. Na bembea ya mianzi ya kila Dashain tutaifunga wapi, kwenye lifti?

Lazima nipate ufunguo huo. Mke wangu Tulasa kasema nisijitie presha, nimwagilie maji na kufunga mlango, basi. Tulasa hajui mipango mikubwa.

Jumatano, 18 Oktoba

Hali mbaya. Shayiri yangu imechungulia kidogo tu, kama ndevu za kijana wa shule. Halafu Kaka akapiga simu. Naye amepanda jamara huko Butwal! Eti ya akiba, maana ananifahamu. Akiba! Anadai yake imeshafika urefu wa kidole. Kwa nini isifike? Butwal kuna joto kama jikoni. Hapa ukungu hauondoki mpaka watu wameshakunywa chai ya pili.

Mama alicheka, akamwambia aje nayo, ziwekwe pamoja watu waone. Kwa hiyo yamekuwa mashindano.

Nimekaa nikafikiri kisayansi. Mmea unataka joto. Joto linatoka kwenye jua. Jua lipo nje ya dirisha. Saa moja tu kwa siku, nani atajua? Nikamuuliza Tulasa kwa mbali, kwa mfano tu, mtu akifungua dirisha kidogo itakuwaje. Akasema, “Baba Aakriti, hilo wazo lirudishe ulikolitoa.”

Sikulirudisha.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mama, Tulasa na binti yetu Aakriti walikwenda hekaluni, Mama akaniachia chumba wazi nimwagilie. Nikafungua dirisha! Jua likaingia moja kwa moja hadi kwenye trei. Nilikusudia kukaa hapohapo nilinde, nifunge kwa wakati.

Lakini jirani Bhojraj alikuwa juu ya paa lake anarusha tiara. Jana alinikatia yangu mbele ya watu, akapiga na mluzi. Mwanamume mwenye damu mwilini angefanya nini? Nikapanda paani. Nikamkata! Nikapiga mluzi wangu. Akanikata. Nikaunga uzi, nikarudi vitani. Niliposhuka, jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya mlima na Mama anabisha hodi chini.

Nilifunga haraka. Jamara imerefuka, naapa. Kesho tena.

Jumapili, 22 Oktoba

Asubuhi nilikuwa mfalme. Jua la jana limefanya maajabu, jamara imepita kidole cha Kaka na kucha yake. Nikajipongeza kwa chai ya maziwa. Kisha nikawasha taa nikaangalia vizuri.

Kijani.

Si kijani kidogo. Kijani cha mchicha! Nilikaa sakafuni, machozi yakanilenga. Nikaiona nyumba hii imefungwa kufuli, nyasi zimeota uani, na sisi tumejipanga sebuleni Butwal tukitokwa jasho. Mama akauliza toka chini ya ngazi jamara inaendeleaje. Nikamjibu inapendeza. Sikusema uongo, mchicha unapendeza. Akataka kupanda aione. Nikasema ngazi zina maji. Akauliza maji ya nini. Nikaenda kuyamwaga, ili isiwe uongo.

Jumatatu, 23 Oktoba

Nimepata dawa! Imenijia jikoni, Tulasa akipika mbuzi. Bizari ya manjano! Kopo zima liko pale, na watu wanahangaika na jua.

Nikaliomba kopo. Akauliza la nini. Nikasema koo linaniwasha. Akanitazama koo, kisha akanipa. Nikakoroga na maji, nikachukua brashi tuliyopakia madirisha rangi, nikaanza kupaka jani moja moja. Kazi ya subira. Uani wenzangu wanapeana zamu kwenye bembea, wanacheza karata, wananiita. Nikajibu kwa sauti ya unyonge kwamba nasali. Nikamsikia Mama akimwambia jirani kwa fahari, “Kancha wangu yuko kwenye ibada tangu asubuhi, mwache kabisa.” Kancha ndilo jina langu nyumbani, la kitindamimba. Nilijisikia vibaya kama dakika moja.

Matokeo: njano! Njano kuliko njano yenyewe! Na mikono yangu pia. Nitasema ni mchuzi.

Jumanne, 24 Oktoba

Siku ya tika. Niandike taratibu, tangu mwanzo.

Kaka alifika na mkewe, kavaa shati jeupe jipya, kabeba jamara yake kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Ndefu, njano, imefungwa kwa raba. Raba? Nikashtuka. Shemeji, ambaye hana siri, akasema yule mama wa sokoni alikuwa amewaonya wasiiache kwenye gari. Sokoni! Kaka kanunua! Nikafungua mdomo nimwage mtama, lakini Mama akatuita tuketi.

Akasema ataanza na jamara yangu, maana imeota nyumbani. Nilitaka kulia kwa furaha. Akachota tika, mchele uliochanganywa na mtindi na rangi, akambandika Kaka kwenye paji la uso. Akamchomekea jamara yangu sikioni. Akaanza kumwombea maisha marefu, afya, heshima mbele za watu. Kaka amenenepa, na chumba kilijaa, na anatokwa jasho hata akikaa. Nikaona tone. Tone la njano. Likateremka kutoka sikioni, likapita shingoni, likaingia kwenye kola nyeupe.

Mama akaendelea na maombi. Shemeji akafuata. Sikio la njano, shavu la njano. Nikamwomba Mungu anichukue palepale. Ndipo Aakriti akanusa hewa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Bhojraj, “Baba mkubwa ananukia mchuzi!”

Kaka akajipangusa, akanusa kidole.

“Kancha! Umetupaka bizari?”

Nikamjibu afadhali yangu nimeimwagilia mwenyewe, yeye kaitoa gengeni. Akasema mimi tangu zamani ni wa kuungaunga. Nikasema yeye anataka kuwahamisha miungu kwenye lifti. Akauliza lifti gani. Watu wazima wenye mvi tukasimama tukinyoosheana vidole, mmoja sikio la njano, mwingine mikono ya njano.

Mama akasema tukae kitako au atoe fimbo. Tukakaa. Akamwambia Tulasa akalete ile ya chini ya kitanda. Tulasa akaenda chumbani kwa Mama, hakuuliza ipi. Akarudi na chungu.

Ndani yake jamara. Nyembamba, laini, njano iliyopauka kama siagi. Nzuri mpaka ilinichoma. Mama akasema hupanda chungu kimoja chini ya kitanda chake kila mwaka, kwa sababu watoto hawa aliwazaa yeye na anawajua. Nikauliza na ile ya mwaka jana, ambayo Kaka alisifiwa hadi Pokhara? Kaka akaanza kukagua dari. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi, na vidole vyake vya bizari vikamwachia mistari miwili ya njano usoni. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka, ningefanyaje?

Kisha akafungua fundo kiunoni, akautoa ufunguo. Nikanyoosha mkono. Kaka naye akanyoosha. Mama akapita katikati yetu kama anapita kati ya nguzo, akaufunga kiunoni mwa Tulasa.

Akasema ufunguo huu hakupewa na baba yetu. Alipewa na mama mkwe wake, naye alipewa na wa kwake, na haujawahi kushikwa na mwanamume hata mara moja. Nikauliza, na Baba miaka yote ile alifanya nini kwenye Dashain? “Baba yenu alikuwa anabembea,” akasema. Shemeji, kama mke wa mkubwa, alikuwa ameulizwa kwanza kwenye simu. Akakataa. Haogi maji ya baridi alfajiri kwa ajili ya shayiri.

Kwa hiyo miungu inabaki hapa. Mama anabaki hapa. Dashain ni hapa, na Kaka atakuja na mashati yake kila mwaka! Nilitoka nje nikaikumbatia nguzo ya bembea. Bhojraj akapiga mluzi. Sikujali.

Jumamosi, 28 Oktoba

Dashain imekwisha. Wageni wameondoka, bembea imefunguliwa, shati la Kaka limekataa kutakata.

Nimetafakari kwa utulivu. Ufunguo uko kiunoni mwa mke wangu, na mke wangu yuko nyumbani kwangu, kwa hiyo ukiangalia vizuri nimeshinda. Kosa halikuwa bizari. Kosa lilikuwa maji. Bizari ilitakiwa kukorogwa na mafuta, hapo isingechuruzika. Nashangaa sikuliona hilo mapema.

Tihar, sikukuu ya taa, inakaribia. Maua ya njano yanatakiwa mlangoni na shingoni mwa kila mtu. Tulasa ndiye msimamizi wa kila kitu sasa, ila Mama amesema nipewe angalau kutunza maua ya uani, maana hapo hakuna cha kuharibu. Kaka kapiga simu. Eti ataleta mashada kutoka Butwal. Ya akiba.

Akiba!

Nikaenda kuyakagua maua. Yote bado vitumba, vimefumba, kijani kitupu. Nikasimama pale nikifikiri. Jioni Tulasa akauliza kopo la bizari limekwenda wapi. Nikasema sijaliona. Lipo hapa chini ya kitanda, upande wangu, pamoja na chupa ya mafuta.