Mstari wa Kahawia Uliopita Jikoni

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata ramani! Ile kubwa ya kijiji chetu, yenye mito, mashamba na machimbo ya zamani. Chrispinus, fundi wa simu pale sokoni, alikuwa ameitandika mezani kama kitambaa. Nimembembeleza mpaka akanipa. Mistari ya kahawia imejaa tele, inajipindapinda chini ya mashamba ya watu. Mishipa ya dhahabu, nini kingine? Mmoja unapita katikati ya jiko la Jescah, mke wangu. Yeye yuko kwao Likuyani tangu nilipochimba bustani yake ya mboga nikitafuta dhahabu. Safari hii siwezi kukosa. Dhahabu ikitoka, atarudi mwenyewe, mbio.

Jumatano, 5 Machi
Shimo la jikoni limefika kiunoni. Matope tu. Jirani yangu Barnaba, mwalimu wa jiografia, amechungulia akacheka mpaka akakohoa. Ati mistari hiyo inaonyesha tu mlima umepanda kiasi gani. Wivu! Watu wa hapa wanaonanga wivu sana. Hakuna mstari unaopita kwake, nimeshaangalia.
Chakula cha jioni: mkate na maji. Jescah angenigombeza kwanza, halafu anipakulie. Nazitamani hata kelele zake.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeenda Likuyani na jogoo mnene. Baba mkwe amenipokea, jogoo akapikwa. Nikasubiri firigisi. Si ndiyo heshima ya mkwe? Akapewa shemeji Weldon! Mimi, shingo. Nimeitafuna mpaka mfupa.
Jescah amenenepa, amependeza. Hilo ndilo limeniuma. Akasema hataki dhahabu, anataka jiko lake. Nifukie shimo, Jumapili atakuja kukagua. Akikuta shimo, nisimtafute tena maishani. Nikaapa. Machozi yakanitoka, nikasingizia moshi.

Jumapili, 9 Machi
Shimo limefukiwa! Nimeshindilia, nimekandika sakafu, mafiga yako mahali pake. Jescah amekuja na mkoba wake, amekagua jiko, ametabasamu. Ametabasamu, jamani! Akabandika maji ya obusuma, ugali wetu. Nikakaa mlangoni namtazama tu, moyo umetulia.
Kisha akauliza udongo wa kufukia nimeutoa wapi. Nikamwambia ukweli, mke hadanganywi: chumbani, chini ya kitanda chetu. Kuna mstari mwingine unapita pale.
Ameondoka maji hayajachemka. Nimemwita mpaka sauti imekauka, hajageuka. Nampenda sana huyu mwanamke. Acha nishuke shimoni haraka, pengine nitaipata dhahabu kabla hajafika stendi.