Malalamiko Kuhusu Gauni Lililochanwa kwa Makusudi

Kwa kaka yangu mpendwa, baba wa mwongozaji,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua unapopanda zile ngazi za ofisini. Wifi yangu hajambo? Mwambie kile kitambaa cha meza kiko tayari, kimebaki pindo tu. Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu, ingawa mimi ni mzima wa mwili peke yake. Moyoni nina malalamiko, na ndiyo maana mchana huu nimefunika cherehani nikaketi kuandika.

Kaka, uliponipigia simu uliniuliza swali moja: "Huyo mtoto anasoma au anacheza na simu?" Ukasema nikikuambia anacheza, mwisho wa muhula utamrudisha nyumbani na simu utaichukua. Nikakujibu nitakuandikia, maana mtu hawezi kusema mambo kama haya huku anayesemwa amekaa pembeni anakumenyea vitunguu. Sasa nakuandikia. Naomba usome ukiwa umekaa.

Binti yako na wenzake wanatengeneza filamu fupi, na wanazitengenezea nyumbani kwangu. Wenzake ni watatu. Yupo kinyozi wa hapa kona, ambaye amekuwa mwigizaji mkuu kwa sababu tu ana sauti nzito. Yupo fundi simu, anayeshika kamera, na kamera yenyewe ni simu ya binti yako iliyofungwa kwa mipira kwenye meza yangu ya kupigia pasi. Na yupo msichana anayesomea uuguzi, mpole, asiyemkosea mtu, ambaye kwenye kila filamu lazima alie. Fedha hawana. Walichonacho ni vitu vyangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Pazia. Walilishusha pazia la sebuleni wakisema wanataka mwanga wa jua, kwa kuwa jua halidai bili. Mimi sikuambiwa. Natoka kuoga, taulo kichwani, namkuta mzee wa kanisa anapita njiani. Akanisalimia dirishani kwa heshima zote, "Bwana asifiwe, mama." Nikaitikia. Wewe ungefanya nini?

2. Ukimya. Katika nyumba niliyopanga mwenyewe naambiwa "Kimya!" na mtoto niliyemfunga nepi. Cherehani inasimama. Chai haichemshwi kwa sababu birika linapiga mluzi. Siku moja fundi simu akaniambia, "Shangazi, hapohapo ulipo, usitikisike," eti kivuli changu kimeshaingia kwenye picha, kikitoka kitaonekana. Nikasimama hivyo, mguu mmoja mbele, nguo za wateja mikononi. Akaingia mwalimu wa chekechea kuchukua sketi yake. Akanitazama mimi, akawatazama wao, na yeye akasimama. Tukawa wawili, kama mke wa Lutu na dada yake. Tuliporuhusiwa kupumua akaninong'oneza, "Samahani, nilidhani mko kwenye maombi."

3. Maombi yenyewe. Hapa ndipo waliponiumiza. Walitaka mama wa makamo apige magoti kando ya mgonjwa amwombee. Mgonjwa ni kinyozi, amelala chini ya blanketi langu la wageni, shavu limejazwa mkate ili lionekane limevimba. Nikamwambia binti yako kwamba sala ya kuigiza mimi siijui. Akasema, "Basi omba kweli, shangazi." Nikaomba kweli. Nikamwombea kinyozi, na kwa kuwa nilishaanza nikamwombea na mama yake, na walioko hospitalini, na wewe na goti lako. Katikati nasikia, "Kata!" Kaka, nani anamwambia kata mtu anayezungumza na Mungu? Sikukata. Niliendelea mpaka simu ikaisha chaji. Na nilipomaliza, mgonjwa, ambaye alitakiwa awe amezimia, akaitikia "Amina!" kwa sauti ile yake ya pipa. Binti yako alicheka hadi akakaa sakafuni. Kisha akaniomba, bila aibu, niirudie sala ileile neno kwa neno. Nikamwambia Mungu si kiziwi.

4. Wanafurahia makosa. Hapa nategemea uniunge mkono, kwa sababu tulilelewa nyumba moja. Sisi kosa tulilitubu, na tukishindwa kulitubu tulilificha. Hawa wanakaa kulizunguka kama moto wa kuota. Filamu yao ya kwanza haikuwa na sauti hata chembe, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake amewasha kinasa sauti, hicho walichokifunga kwenye mpini wa ufagio wangu. Mtu mwenye aibu zake angehama mtaa. Wao walijitupa kwenye zulia langu wakaitazama tena na tena, wakibahatisha midomo ilikuwa inasema nini.

"Hapo nilikuwa nasema nakupenda," anasema kinyozi.

"Ulikuwa unasema una njaa," muuguzi akamjibu. "Nilikuwepo."

Wakacheka wee. Halafu binti yako akasema, taratibu kabisa, "Kesho kinyozi, mbali na kuigiza, asiguse kitu kingine. Kazi yake ni sauti tu, na asiyeisikia kwanza masikioni mwake asiseme iko sawa." Na kesho yake sauti ikasikika! Nakuuliza, kaka, mtoto huyu atashika adabu lini, kama kila akianguka anainuka na kitu mkononi?

5. Gauni. Hili ndilo kubwa, naomba usiruke mistari.

Walibuni hadithi ya mwanamke maskini anayetafuta kazi. Gauni lake limechanika begani, kila mtu anaona, hakuna anayesema. Wakachukua gauni zima la yule muuguzi wakalichana kwa mkasi wangu, mkasi wa kitambaa, ambao hata karatasi siruhusu iusogelee. Jumamosi wakamrekodi akiingia mlango wa ofisi. Ofisi ni chumba changu cha kulala. Jioni wakalitundika gauni kwenye msumari wakaenda zao.

Kaka, unanijua. Asubuhi naamka, nimemaliza kusali, naliona gauni linaning'inia kwangu, kwa fundi, bega wazi. Nifanye nini, nilipite? Nikatafuta uzi wa rangi yake, nikalishona, nikalipiga pasi, na kifungo kilichokuwa kinalegea nikakikaza. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba limechanwa kwa makusudi. Mchana, baada ya ibada, wakaja mbio wakamvalisha mwenzao wakamrekodi akitoka ofisini. Hawakutazama.

Kwa hiyo, kwenye filamu, mwanamke anaingia mlangoni bega limechanika, ananyimwa kazi, anatoka na bega limeshonwa na pasi imenyooka. Wakaionyesha hapa uani, kwenye shuka langu jeupe, majirani wote wamekaa. Ilipofika hapo pa huzuni kuu, mlinzi wa duka la jirani akapaza sauti, "Kumbe humo ndani yumo fundi!" Ua mzima ukaangua kicheko. Watu walishikana mabega.

Binti yako hakucheka. Ndiyo mara ya pekee nimemwona halichekei kosa. Alikwenda jikoni akaanza kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi. Alisema huku amenipa mgongo, "Labda baba ana haki, shangazi. Labda nachezea simu." Nikamfuata nikamwambia, "Mwanangu, mimi niliona nguo imechanika, basi." Akageuka akanitazama. "Hebu rudia," akasema. Nikarudia. Akafuta mikono kwenye gauni langu, si lake, akatoka mbio kumwita fundi simu.

6. Hili limetokana na la tano. Walilichana tena. Palepale nilipopashona, mbele ya macho yangu, nikiwa hai. Wakaniambia nilishone tena taratibu wakinirekodi. Nikavaa kile kilemba cha kwaya, nikajipaka mafuta usoni. Filamu ilipokuwa tayari natazama: ni mikono. Mikono mitupu! Mwanamke amelala, gauni limetundikwa mlangoni, mikono ya jirani inalichukua na kulishona. Anapoamka analivaa, anapapasa bega, anatazama huku na huku, hajui amshukuru nani. Anatoka. Imekwisha. Hakuna neno linalosemwa.

Walipoionyesha mara ya pili, yule mlinzi hakupaza sauti. Alivua kofia. Na mama mwenye nyumba, ambaye tangu tugombanie kamba ya kuanikia hatujasalimiana, alijifuta macho kwa ncha ya khanga akasema, "Mikono hiyo naijua mimi." Siku ya pili akaniletea kamba mpya. Lakini hayo hayaondoi malalamiko yangu. Uso wangu una kasoro gani?

7. Matokeo yake. Mtaa umeamini. Kila nikienda mazoezi ya kwaya, nikirudi nakuta nguo iliyochanika imetundikwa kwenye kitasa changu, haina jina, kama kwenye filamu. Shati. Suruali ya shule. Soksi moja. Jana ulikuwa mwavuli. Sijui namdai nani. Shati nimelishona, suruali nimeishona, soksi nimeiziba tundu. Mwavuli bado nautafakari.

Kwa sababu hizo zote naomba, kwa heshima, umwandikie binti yako barua kali. Mwamuru aache filamu leo hii. Akikataa, mrudishe nyumbani, na wale watatu uwachukue pia, maana wakibaki watakuja kukaa kwenye zulia langu wakimuulizia. Pazia langu litarudi dirishani. Cherehani italia kutwa. Hakuna atakayeniambia kimya, kwa kuwa hakutakuwa na mtu wa kuninyamazisha. Jioni nitapakua sahani moja, nitasali, nitalala, kama nilivyokuwa kabla hujaniletea huyu mtoto. Nadhani hicho ndicho ninachokitaka. Nimekiandika ili nikione kwenye karatasi.

Na kuhusu swali lako: anasoma. Anasoma asubuhi kabla sijaamka, na vitabu vyake vimejaa sebuleni, kimoja ndicho kinachonyanyua meza ya pasi ili kamera ifike usawa wa macho. Usiseme sikukujibu.

Nisalimie wifi, wanangu wote, mchungaji wenu na yule jirani wenu wa redio. Binti yako anakusalimu. Hajui nimeandika nini, ila ameniona nikitabasamu na ananishuku.

Wako katika Bwana,
Dada yako mdogo, fundi cherehani, mwenye mikono.

N.B. Wameanza filamu nyingine. Inahusu baba anayetaka kumkataza binti yake kazi anayoipenda. Wamemjaribu kinyozi, lakini akikunja uso anaonekana kama mtu mwenye jino bovu. Nikawaambia ninamjua mtu asiyehitaji kufundishwa hiyo sura. Nikawaonyesha ile picha yako ya siku ya harusi yako, wakakubali wote kwa pamoja. Basi njoo ukipata likizo. Vaa lile koti la kahawia lililochanika kiwiko, wala usimpe wifi alishone. Mimi nimeapa sitaligusa. Na ile barua kali usiitume kwa posta. Ije nawe mfukoni, wanahitaji barua kwenye filamu na yako itakuwa na uzito. Kama baba anakubali au anakataa mwishoni bado hawajaandika. Binti yako amesema hapo watawasha kamera, watanyamaza, wakusikilize wewe. Nijibu upesi.